Mwongozo kamili wa kukaa Mji Mkongwe, Zanzibar: usipite tu, kaa

Wageni wengi wanaokuja Unguja Mji Mkongwe wanaupa nusu siku tu. Wanashuka boti asubuhi, wanazungushwa masaa mawili, picha kwenye mlango wa nakshi, picha Forodhani, alafu wanapakiwa kwenye hiace kwenda Nungwi au Paje, na wakirudi kwao wanasema Mji Mkongwe tumeuona. Hamjauona jamani. Naishi humu na inaniuma kila nikiona hivyo, kwa sababu huu ni mji unaoishi, watu wanazaliwa humu, wanaozwa humu, watoto wanaenda chuoni (madrasa) asubuhi na msahafu mkononi, na sanaa yenyewe watu wanayoifuata (taarab, nakshi, kanga, picha) inafanyika jioni na usiku wakati hiace zimeshaondoka. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kulala humu usiku tatu, nne, hata wiki, awe anatoka Dar, Mwanza, Nairobi, Mombasa au kokote, na akae kama mgeni wa mtaa.

Hatua ya 1: Chagua msimu kabla hujachagua kitu chochote

Mvua za masika zinapiga kuanzia Machi mpaka Mei, na Aprili ndo kilele, vichochoro vingine vinajaa maji mpaka vifundoni na gesti nyingine zinafunga kabisa kufanya matengenezo. Lakini bei zinashuka vizuri, na kama we ni mtu wa kusoma, kuandika au kuchora na huna shida ya kukaa ndani mvua ikinyesha, mwezi Mei mwishoni ni mzuri sana. Juni mpaka Septemba upepo wa kusi unavuma, kuna ubaridi wa kupendeza, na ndo wakati watalii wanajaa. Disemba mpaka Februari ni kaskazi, joto la kweli, usiku unalala umelowa jasho kama chumba hakina hewa, na mwisho wa mwaka bei inapaa.

Kama unakuja kwa ajili ya sanaa, kuna matukio mawili makubwa. Sauti za Busara, tamasha la muziki, linafanyika Februari toka 2004, na tamasha la filamu la ZIFF lililoanza 1998 mara nyingi linaangukia katikati ya mwaka. Yote mawili nyumbani kwake ni Ngome Kongwe. Siku za Busara vyumba vinaisha mapema mno, yani ukisubiri wiki ya mwisho utaishia kulala mbali na kuchukua teksi kila usiku, kwa hiyo tarehe zikitangazwa tu weka buking siku hiyo hiyo.

Angalia pia Ramadhani inaangukia lini, kwa sababu inabadilisha kila kitu, nitaieleza chini huko.

Hatua ya 2: Chagua mtaa kwanza, hoteli baadae

Hapa ndo watu wengi wanaruka. Wanaingia kwenye apu, wanaona picha ya kitanda chenye chandarua cheupe, wanalipa, hawajui kimekaa mtaa gani. Mji Mkongwe ni mdogo, unaukata kwa miguu chini ya nusu saa, lakini mitaa yake haifanani hata kidogo.

Shangani ndo upande wa magharibi kwenye ncha, jua linazama mbele yako, hoteli kubwa ziko huko, mashine za kutolea hela, migahawa, maduka ya Kenyatta Road. Ni rahisi kwa mgeni wa mara ya kwanza, ila majirani wa kawaida wamepungua sana maana nyumba nyingi zimekuwa hoteli, na bei iko juu.

Hurumzi na Kiponda ndo tumbo la mji. Majumba marefu, milango mizito, maduka ya vitu vya kale na vya sanaa, na juu ya mapaa kuna sehemu za kunywa chai unaona mabati yenye kutu, minara na bahari kwa pamoja. Mi nikiulizwa na mtu anayependa sanaa namwambia tafuta Kiponda, kwa sababu mchana kuna biashara na usiku kunatulia, na msikiti, duka la mkate na baraza ya wazee vyote vipo hatua chache.

Sokomuhogo na Mkunazini ni kwa anayetaka maisha ya kila siku. Watoto wanacheza, akina mama wanauza sambusa mlangoni, gesti za bei nafuu zipo, na Jaws Corner iko hapo, ile njia panda ya kahawa na siasa. Kelele zipo, tena za kutosha, lakini ni kelele za watu.

Malindi iko jirani na bandari na soko la samaki, inafaa kama una boti ya alfajiri au unafika usiku. Vuga na upande wa Mnazi Mmoja barabara ni pana na gari inafika mpaka mlangoni, kwa hiyo ukija na mzee asiyeweza kutembea sana au una mizigo mingi, kaa huko.

Hatua ya 3: Maswali ya kuuliza kabla hujalipa chumba

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti haiwezi kuvuka mbali, kama mita tatu hivi, ndo maana vyumba vya asili ni virefu na vyembamba. Kuta ni nene, zinapooza nyumba vizuri, ila zinanyonya unyevu kutoka ardhini. Ukijua hayo utajua cha kuuliza.

Uliza chumba kiko ghorofa ya ngapi. Cha chini mara nyingi kina unyevu na harufu ya ukungu, na dirisha linaangalia kichochoro ambapo watu wanapita usiku kucha. Cha juu kina upepo, lakini ngazi zake ni kali, zimesimama wima na hazilingani, na lifti ni za hoteli chache mno. Kama goti lako lina matatizo omba ghorofa ya kwanza, hiyo ndo katikati ya shida zote mbili.

Uliza kuhusu maji na umeme. Tangi lipo? Jenereta ipo, na inaendesha feni na eyasii au taa tu? Wakongwe wa hapa hawajasahau ule ukosefu wa umeme wa kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kizima miezi mitatu gizani. Saivi hali si ile, ila kukatika kupo. Ukipanga nyumba nzima kwa wiki uliza nani analipia Tukuza (ndo luku ya huku, umeme wa kulipia kabla) na ukute unit zipo kwenye mita.

Uliza bei ya mkaazi. Sehemu nyingi zina bei ya mgeni wa nje na bei ya Mtanzania au mkaazi wa Afrika Mashariki, na hawakuambii mpaka uulize, kwa hiyo piga simu moja kwa moja, salimia vizuri, sema unatoka wapi na unakaa siku ngapi. Ukikaa usiku nne kwenda mbele punguzo lipo karibu kila mahali. Na uliza kama kodi ya kila usiku imo ndani au utadaiwa siku ya kuondoka.

Mwisho uliza msikiti uko wapi. Misikiti ni mingi na adhana ya alfajiri inaanza mnamo saa kumi na moja. Mimi siwezi kulala vizuri nisipoisikia, lakini kama usingizi wako ni mwepesi njoo na vizibo vya masikio ukae kwa amani, usije ukamlalamikia mwenye nyumba. Mtaa hauwezi kunyamaza kwa ajili yako, na haupaswi.

Hatua ya 4: Kufika

Boti kutoka Dar ni kama masaa mawili. Raia analipa kwa shilingi na bei yake ni tofauti na ya mgeni, kwa hiyo kitambulisho ni lazima, NIDA au pasi au leseni, jina lifanane na la tiketi. Kipindi cha kusi bahari inachafuka, ukiwa unatapika kirahisi kaa chini upande wa nyuma, kula kidogo, tafuna tangawizi. Nunua tiketi dirishani au mtandaoni, usimpe pesa mtu anayekufuata barabarani.

Kwa ndege unashukia uwanja wa Abeid Amani Karume, kilomita kama saba kutoka mjini. Teksi unapatana bei kabla hujaingia, daladala ya uwanja wa ndege ni namba 505, mzigo mdogo inafaa kabisa. Wageni kutoka nje ya nchi kumbukeni bima ya Zanzibar iliyoanza Oktoba 2024, dola 44, inalipiwa mtandaoni kabla ya safari, soma masharti uone kama yanakuhusu wewe.

Ukitoka getini bandarini utakutana na papasi, vijana wanaotafuta wageni wa kuwapeleka hoteli na kulipwa kamisheni. Wengi ni watafutaji tu kama mtu yoyote. Salamu jibu, alafu sema nina mwenyeji wangu ananisubiri, shukran, na endelea kutembea. Njia nzuri zaidi ni kumwambia mwenye gesti akutume mtu wa kukupokea, kwa sababu gari haiingii vichochoroni, itakushusha ukingoni na mwenye nyumba ndo atakutumia kijana wa kubeba begi. Mpe chochote, mzigo juu ya zile ngazi si mchezo. Na kama unaweza, acha sutikesi ya magurudumu nyumbani, mawe ya njiani yatayang'oa.

Hatua ya 5: Kujifunza njia

Ramani ya simu inakuchanganya humu, kuta ni ndefu na satelaiti haioni, kidoti kinaruka mitaa miwili. Shika hivi: Mji Mkongwe ni kama pembe tatu, pande mbili ni bahari, upande wa tatu ni barabara ya Benjamin Mkapa ambayo wenyewe bado wanaiita Creek Road, maana zamani hapo palikuwa na mkono wa bahari na daraja la kuvukia, ndo Darajani ya leo. Kwa hiyo kichochoro chochote, ukikifuata bila kurudi nyuma, kitakutoa baharini au barabarani. Hupotei. Unachelewa tu.

Siku ya kwanza tembea bila mpango kati ya saa nne na saa sita asubuhi. Shika alama zako: minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu, mnara wa kanisa la Mkunazini, mbuyu wa pale kwenye mgahawa wa Lukmaan, duka lenye rangi fulani kwenye kona ya kwako. Ukikwama uliza mzee wa barazani, usimuulize kijana anayekukimbilia. Usiku mitaa ya ndani ina giza sehemu sehemu, tembea na tochi ya simu, pitia njia zenye maduka, simu isining'inie mkononi, na baada ya saa tano usikate Creek Road au ufukwe wa Shangani peke yako.

Hatua ya 6: Adabu za mtaa, na hapa naomba usome taratibu

Kila nyumba ina baraza, ile benchi ya mawe iliyojengwa pamoja na ukuta wa nje. Watu wanakaa hapo kuanzia asubuhi, wanaongea, wanasoma gazeti, wanacheza bao na karata, wanapooza mwili baada ya sala. Kichochoro kina upana wa hatua mbili tatu, maana yake ukipita unapita katikati ya mazungumzo yao kabisa, magoti yao yako pale. Kupita kimya huku umeshika kamera ni sawa na kukatiza sebuleni kwa mtu.

Basi salimia. Kila mara. "Assalaam alaykum" kwa kundi, "shikamoo" kwa mzee au bi mkubwa, na usiseme "mambo" kwa mtu wa umri wa mama yako. Siku ya kwanza watajibu tu, siku ya pili watakuuliza umefikia wapi, siku ya tatu mtu anakusogezea kikombe cha kahawa chungu na kipande cha kashata. Nimeona hili likitokea kwa wageni wengi mno, na siri yake ni hiyo tu, salamu na kurudi sehemu ile ile. Chagua baraza moja au kijiwe kimoja cha kahawa, nenda kila siku saa zile zile. Jaws Corner inafaa kwa mwanamme anayependa mjadala wa mpira na siasa. Mwanamke akipita hapo hafukuzwi, lakini jioni pamejaa wanaume na wengi wanajiskia huru zaidi kukaa na akina mama wa mlangoni au kwenye mikahawa ya mapaani.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, wanawake kwa wanaume. Kanga moja mkobani inatatua kila kitu. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Mkumbatiano na mabusu ya njiani yaache chumbani.

Picha: omba. Mlango wa mtu piga, lakini kama umefunguka na ndani kuna mama amekaa usipige. Watoto usiwapige picha bila mzazi kukubali. Na ukiambiwa hapana, ni hapana, tabasamu uendelee. Msikitini usiingie bila kualikwa, hata kuchungulia mlangoni wakati wa sala kunaudhi.

Mlango wa nyumba ukiwa wazi na unataka kuingia, piga hodi, subiri karibu. Hodi tatu bila jibu, ondoka. Ukialikwa kula, vua viatu, kula kwa mkono wa kulia, na usimalize ziara yako bila kupeleka kitu kidogo, hata matunda ya Darajani.

Hatua ya 7: Kula

Asubuhi tafuta supu na chapati, au boflo na chai ya tangawizi, au vitumbua vya bi mkubwa wa mtaani ambavyo saa tatu vimeshaisha. Boflo ule mkate wa kawaida unauzwa kila duka. Mkate wa ufuta uliookwa, wa moto, na mchuzi wa nazi, ni chakula cha jioni ambacho hoteli nyingi hazikupi, ulizia mtaani kwako nani anauza.

Mchana ni wakati wa wali. Lukmaan pale Mkunazini chini ya mbuyu unaonyesha kwa kidole, biriani, pilau, mchuzi wa samaki, pweza wa nazi, na foleni yake ina watu wa hapa na wageni pamoja. Vihoteli vidogo vya Sokomuhogo na Darajani vina bei ya chini zaidi na ladha ya nyumbani.

Urojo ule alasiri. Ni mchuzi mzito wa manjano, wenye uchachu wa embe na ndimu, ndani yake bhajia, kachori, mbatata, mishikaki, chipsi nyembamba za muhogo, chatne na pilipili juu. Kila mtaa unaamini wa kwake ndo bora. Kula sehemu yenye foleni ya wanafunzi wa skuli na wafanyakazi wa ofisi.

Usiku Forodhani. Bustani ile ilitengenezwa upya na taasisi ya Aga Khan ikafunguliwa 2009, na jua likikaribia kuzama vijana wanaruka makachu, yani wanakimbia na kujirusha baharini kwa mitindo kutoka ukutani, kaa uwaangalie, wanastahili makofi na kitu kidogo ukiwapiga video. Kwenye chakula, uliza bei ya kila kimoja kabla hakijawekwa kwenye sahani. Mimi nakushauri juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, na pizza ya Zanzibar inayokaangwa mbele ya macho yako. Mishikaki ya kamba na ngisi chagua meza inayouza haraka, na omba ichomwe mpaka ndani. Familia za hapa zenyewe zinakuja Forodhani kupunga upepo, hasa siku za mapumziko, kwa hiyo usiogope kuambiwa ni sehemu ya watalii.

Hatua ya 8: Sanaa yenyewe

Taarab kwanza. Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa 1905 na Culture Musical Club 1958, na vyote vipo mpaka leo. Hivi ni vikundi vya wanachama, watu wanatoka kazini jioni wanakuja kwenye mazoezi na fidla, udi, ganuni, akodioni na dumbak. Culture wana jengo lao Vuga. Mgeni mwenye heshima akiomba kusikiliza mazoezi mara nyingi anakaribishwa, nenda mchana uulize siku na saa, kaa nyuma, usirekodi bila ruhusa, acha mchango. Kama kuna harusi au onesho la kweli mjini siku zako, fanya kila uwezalo ufike. Utaona akina mama wanavyoinuka mmoja mmoja kwa madaha kwenda kumtunza muimbaji, noti mkononi, na mstari wa shairi ukimgusa mtu fulani ukumbi mzima unajua nani kaguswa. Ukitaka kutunza na wewe inuka taratibu, weka noti, rudi ukae, usikimbie.

Siti binti Saad, aliyetoka Fumba akiwa muuza vyungu na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili, na Bi Kidude aliyefariki Aprili 2013, ndo majina ya waimbaji utakayoyasikia sana. Kama unataka kujifunza chombo, Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, wengi wanakiita DCMA, kilichoanza 2002, kinafundisha taarab, kidumbak na ngoma, na kinapokea hata mtu wa masomo machache. Wiki moja ya ngoma asubuhi na mjini jioni, sijaona likizo bora kuliko hiyo.

Milango. Usipige picha tu, iangalie. Yenye kichwa kilichonyooka ni ya mtindo wa Kiarabu, yenye upinde juu inatokana na Gujarat, na ile ya mbao zinazokunjwa kando ni ya maduka ya zamani ya Kihindi. Kwenye nakshi tafuta samaki, mnyororo, yungiyungi na mtende. Ile misumari ya shaba inasemekana ilianzia India kuzuia tembo wa vita, huku imebaki pambo na heshima. Chagua kichochoro kimoja, Hurumzi kwa mfano, pita asubuhi na pita tena alasiri, mwanga wa pembeni unatoa nakshi ambazo mchana hazionekani kabisa.

Picha za zamani: Capital Art Studio pale Kenyatta Road ilifunguliwa 1930 na Ranchhod Oza, na ukutani kuna Zanzibar ya kabla na baada ya mapinduzi, harusi, masultani, barabara zenye maji. Nunua hata nakala moja ndogo.

Michoro ya rangi kali yenye twiga na ndege imejaa kila kona. Mtindo huo ni wa tingatinga, ulianzia Dar kwa Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968, siyo wa hapa, na mingi unayoiona imechorwa kwa wingi kwa kunakili. Siyo dhambi kuinunua. Lakini uliza "hii kachora nani, naweza kumuona?" na ukipata mchoraji anayechora mbele yako, kaa naye, mlipe yeye mwenyewe bei ya haki. Turubai omba ivuliwe fremu ikunjwe, inaingia begini.

Hatua ya 9: Historia nzito na majengo

Fupi tu maana haya yapo kila mahali. Kanisa la Anglikana Mkunazini limejengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873, na sanamu za watumwa zilizo shimoni pale nje ni kazi ya Clara Sörnäs ya 1998. Nenda asubuhi mapema, chukua muongozaji wa palepale, na usiweke kitu kingine saa moja baada ya hapo. Beit el Ajaib, jumba la Sultan Barghash la 1883, sehemu yake iliporomoka Disemba 2020 na watu wawili wakafa, usitegemee kuingia ndani, liangalie ukiwa Forodhani. Zahanati ya zamani ya Tharia Topan karibu na bandari ilikamilika 1894, roshani zake za mbao ndo nzuri kuliko zote mjini kwa maoni yangu. Mji mzima uko kwenye orodha ya urithi wa dunia toka 2000, na kuna mamlaka ya hifadhi inayosimamia, lakini majumba yanaanguka kwa mvua na kukosa chokaa, kwa hiyo ukiona jengo limezungushiwa mabati usiingie kupiga picha, ni hatari ya kweli.

Kama umekuja Ramadhani

Mchana usile wala kunywa wala kuvuta sigara hadharani, hata maji. Hoteli yako itakupa chakula ndani na sehemu chache zinauza nyuma ya pazia. Maduka mengi yanafunga alasiri, muziki hakuna. Wengine wanaona ni hasara, mimi naona ndo mwezi mzuri kuliko yote kwa anayekaa. Kuanzia saa kumi vichochoro vinanukia, magharibi inapoadhiniwa mji unanyamaza dakika chache, alafu unafunguka mpaka usiku wa manane, Darajani inafurika watu. Ukialikwa futari usikatae. Na Idi inakwenda siku nne, watoto wote na nguo mpya, weka chenji ya kutosha mfukoni.

Hatua ya 10: Kununua na kuondoka

Viungo nunua Darajani, soko lililojengwa 1904, siyo pakiti za njiani. Nusa, vunja kipande cha mdalasini, uliza bei sehemu tatu. Karafuu chukua iliyofungashwa na risiti, maana biashara yake ina udhibiti. Kanga nenda maduka ya Mchangani, nunua doti nzima, soma jina lake kabla hujamnunulia mama mkwe. Haluwa nunua siku ya mwisho. Simbi kubwa, matumbawe na vitu vya magamba ya kobe usinunue hata ukiambiwa ni vya zamani, utanyang'anywa na bahari yetu inaumia.

Kupatana bei ni kwa vitu vya sanaa na teksi, siyo kwa mama wa vitumbua. Anza chini kidogo, cheka naye, na ukishakubali bei lipa, usigeuke.

Usiku wa mwisho maliza hesabu zako na gesti ili asubuhi usikimbizane na mtu. Waage majirani wa barazani siku moja kabla, kwa sababu boti ya asubuhi inaondoka wao bado wako ndani. Getini fika saa nzima kabla, kitambulisho mkononi, na kama ulichukua chumba Malindi kwa usiku huo wa mwisho unatembea tu na begi lako mpaka bandarini.